Meza ya Kando ya Kiti

Hortensia alipima mkono wa kiti chake
kwa uzi wa sufu, akafunga fundo ulipogusa sakafu,
akautia mfukoni kama mtu anayeficha barua.
"Twende mjini," akasema, "sebule ina upande mmoja mtupu."
Sikuuliza upande upi.

Tuliteremka kwa lifti ya kilima, ile niliyoipaka grisi
miaka thelathini na moja, hadi magoti yakasema basi.
Chini yetu Valparaíso, mabati ya kila rangi,
na meli za makontena zikingoja zamu.

Duka la kwanza: meza ya kioo.
Kijana mwenye marashi mengi akaipangusa kwa mkono wa shati.
"Hii, mama, hufanya chumba kionekane kikubwa."
Hortensia akaitazama, akaona viatu vyake mwenyewe.
"Chumba changu nakijua ukubwa wake."
Isitoshe, huku kwetu ardhi hupiga chafya bila kuomba radhi.

La pili: meza tatu zinazoingiana,
mama, binti na mjukuu, kila moja chini ya tumbo la mwenzake.
Nilizipenda. Nilisema nimezipenda.
Akautoa uzi, akaushusha:
kubwa ilizidi kwa vidole vinne,
ya kati ilipungua, ndogo ilimfaa paka.
"Kizuri hakikosi ila," nikasema.
"Ila ya hizi ni hesabu."

Hapa niseme jambo ambalo hatulisemi.
Tangu Pasaka mkono wake wa kulia una tetemeko lake,
dogo, la kina kirefu, lisilotangazwa redioni.
Kutoka sakafuni hadi mdomoni
kikombe kina safari ndefu, na chai hulipa nauli njiani.
Madoa nayasugua usiku kwa siki na maji,
naye asubuhi hulisifu zulia
kwamba halishiki uchafu.
Nyumba husitiri mambo.
Sisi tunaisaidia.

Basi tukaendelea na habari za rangi.
"Isigombane na pazia," akasema.
"Kweli," nikasema, "lile pazia lina hasira."

La tatu halikuwa duka, ni gereji ya Abelino Curihual.
Nyuma ya cherehani isiyo na sindano
na redio zilizotolewa matumbo
ilisimama meza ya duara, ya mti wa raulí,
wekundu wake kama chai iliyosahauliwa jikoni,
miguu mitatu, alama moja ya pasi,
na ukingo ulioinuka kidole kimoja kuizunguka yote.
"Ilikuwa ya melini," alisema Abelino,
"ili vyombo visitembee bahari ikichafuka."

"Miguu mitatu tu?" nikauliza, nikikosa la kuuliza.
"Wewe unaishi kilimani, sakafu yako imepinda.
Minne itagombana, mitatu itaelewana.
Umewahi kuona chungu kikidai figa la nne?"

Hortensia akashusha uzi.
Fundo likagusa saruji.
Hakusema kitu. Alivua glavu, akapitisha kidole
juu ya ule ukingo, mzunguko mzima, polepole,
na kila kidole kilipoteleza mbao ilikipokea.

"Ina doa," akamwambia Abelino.
Ndivyo anavyoanza kupatana bei.

Niliibeba kichwani, miguu juu, kama ndama aliyekataa kutembea.
Kijana wa lifti alitukatia tiketi tatu.
Nilimfundisha kazi mimi mwenyewe, mshenzi yule.

Tuliiweka upande wa kulia.
Pazia halikulalamika.
Saa nne usiku taa ilianza kuchezacheza,
kikombe kikatembea juu ya meza, hatua mbili, tatu,
kikafika ukingoni, kikasita.
Mkono wake ulikuwa juu ya meza. Wangu pia.
"Ni ardhi," akasema.
"Ni ardhi," nikasema.

Tulingoja taarifa ya habari.
Redio haikutangaza kitu.